Trekta la Shangazi na Kilima cha Barafu

Kaeni karibu karibu, bega kwa bega. Hadithi hii ina baridi.

Juu ya milima ya Rungwe, mahali ambapo mawingu hupita mlangoni kama majirani, aliishi msichana mmoja. Jina lake lilikuwa Tusekile. Alikuwa na miaka sita na pengo moja kubwa mdomoni.

Siku hiyo Tusekile aliamka kabla ya jogoo. Mama alikuwa anarudi kutoka hospitali. Alikuwa anarudi na mtoto mchanga!

"Bibi, mdogo wangu anafananaje?" Tusekile aliuliza.

"Mgeni hasimuliwi," alisema Bibi. "Mgeni hupokelewa. Haya, nenda kanawe uso."

Mara kukawa giza. Upepo ukavuma, vuuu! Kisha juu ya bati, ka! Ka-ka! Kakakakaka!

"Mvua ya mawe!" alisema Bibi. "Ingia ndani, ingia ndani!"

Mawe ya barafu yakaanguka. Mengine kama njegere. Mengine kama mayai ya kwale. Yakaanguka, yakaanguka, yakaanguka.

Kisha kimya.

Tusekile akafungua mlango. Lo! Ua ulikuwa mweupe. Migomba ilikuwa imechanika. Na njia, ile njia ndefu ya kutoka getini hadi nyumbani, haikuonekana. Barafu ilikuwa imeifunika yote.

Tusekile akapiga hatua moja. Seree! Akaanguka, kalio chini.

"Bibi," alisema, "gari la Baba litapitaje?"

Bibi alitazama njia. Alitazama mbingu. Jua lilikuwa limejifunika ukungu, na halikuwa na haraka ya kutoka.

"Halitapita," alisema Bibi.

"Na Mama je? Atatembea?"

"Aliyetoka kujifungua hatembezwi kwenye barafu. Na kichanga hakikai kwenye baridi."

Midomo ya Tusekile ikaanza kutetemeka. Ndipo aliposikia sauti nyuma ya zizi.

Dududu. Dududu. Dududududu!

Lilikuwa trekta! Na juu ya trekta alikaa Shangazi Atuganile, dada yake Baba. Alikuwa amevaa makoti mawili na kofia ya sufu.

Nyuma ya trekta lile kulikuwa na bapa. Bapa ni chuma kirefu, kipana, kilichosimama kama ukuta mdogo. Trekta likienda mbele, bapa hufuata nyuma na kukwangua chini.

Kila baada ya masika Shangazi alisawazisha njia kwa bapa lile. Udongo ulikwanguliwa, ukaingia kwenye mashimo. Mashimo yakajaa, njia ikawa laini kama shuka. Kazi hiyo Shangazi aliijua hata akiwa amefumba macho.

"Nami nipande!" alisema Tusekile.

"Mtoto hapandi trekta linalofanya kazi," alisema Shangazi. "Lakini nahitaji macho ya nyuma. Mimi natazama mbele, bapa liko mgongoni. Simama mbali, pale na Bibi. Ukiona vibaya, paza sauti."

"Nitapaza!"

"Najua. Sauti yako inafika Mbeya."

Shangazi akavuta mkono wa chuma. Bapa likashuka, gwaa! Tusekile akaimba kwa nguvu zake zote:

"Dududu, bapa chini!
Njia, njia, funguka!"

Trekta likaenda. Barafu ikakwanguka, kwaruuu! Nyuma ya bapa njia ikaonekana, nyekundu, safi.

Tusekile na Bibi wakafuata kwa mbali, polepole, wameshikana mikono. Trekta likapita mti wa msindano wa kwanza kando ya njia. Likapita msindano wa pili, na wa tatu. Barafu mbele ya bapa ikaongezeka.

Udongo ungeingia kwenye mashimo. Lakini barafu haikuingia popote. Ilikusanyika tu. Ikawa kama mto wa kulalia. Ikawa kama gunia. Ikawa kama ng'ombe aliyelala!

"Shangaziii!" alipaza Tusekile. "Inajaa!"

"Nini?"

"INAJAA!"

Shangazi alisikia "dududu" tu. Trekta likatoka getini, likaingia barabarani, ambako barafu ilikuwa kidogo tu. Shangazi akainua bapa, akageuka kutazama kazi yake.

Njia ilikuwa safi kuanzia nyumbani hadi getini. Lakini getini penyewe kilikuwa kimesimama kilima cha barafu. Kilifika puani kwa Tusekile. Nguzo hii hadi nguzo ile, hapakuwa na nafasi hata ya kuku.

"Ala!" alisema Shangazi. Alikuwa upande wa nje. Tusekile na Bibi walikuwa upande wa ndani. "Nimefungua njia yote, nimefunga mlango!"

Ng'ambo ya barabara aliishi Babu Mwakipesile, jirani yao. Babu Mwakipesile alipenda kucheka, na hakuchagua siku. Alikuwa ameegemea uzio wake.

"Atuganile!" aliita. "Huo ugali wa barafu umeusonga vizuri. Mboga iko wapi?"

"Babu, cheka kidogo kidogo, usije ukamaliza," alijibu Shangazi. "Wifi yangu yuko njiani na kichanga."

Babu Mwakipesile akaacha kucheka. Akashika kofia yake. Kisha akaingia nyumbani kwake haraka.

Shangazi akarudisha trekta nyuma ili akisukume kile kilima kwa bapa.

"Dududu, bapa chini!" aliimba Tusekile.
"Njia, njia, funguka!"

Lakini njia haikufunguka. Magurudumu yakateleza, wiii! Yakazunguka palepale, wiii! Kilima hakikusogea hata kidogo.

Ndipo Babu Mwakipesile akatoka tena. Mkononi alikuwa na ndoo, na ndoo ilikuwa imejaa majivu ya jikoni.

"Barafu hupenda kuangusha watu," alisema, "lakini majivu haiyawezi." Akamwaga majivu chini ya magurudumu, pa, pa, pa.

Sasa magurudumu yakashika. Trekta likasukuma. Kilima kikasogea kidogo, kikashindiliwa, kikawa kigumu kama jiwe. Basi. Kikagoma.

Na hapo hapo wakasikia honi.

Piii! Piii!

Gari la Baba lilikuja taratibu kwenye kona. Likasimama nyuma ya trekta. Dirishani akaonekana Mama, na mikononi mwa Mama, kitu kidogo kilichofungwa blanketi la manjano.

"Mama!" aliita Tusekile.

"Mwanangu!" aliita Mama.

Waliweza kuonana. Hawakuweza kugusana.

Baba akashuka. Akajaribu kupanda kile kilima. Seree! Akarudi chini. Akajaribu tena. Seree! Akaketi barabarani, suruali imelowa.

"Usijaribu ukiwa na mtoto mkononi!" alisema Bibi kwa ukali. "Kaeni garini. Fungeni dirisha."

Dirisha likafungwa. Blanketi la manjano halikuonekana tena.

Tusekile alikasirika. Aliikasirikia barafu. Akaipiga teke moja kwa moja, pu! Mguu ukauma. Barafu haikusogea.

Akaisukuma kwa unyayo wa buti, moja kwa moja. Barafu ikajikusanya mbele ya buti. Kilima kidogo, kama kile kikubwa.

Kisha akachoka, na buti likalala upande. Kisigino kikabaki nyuma, vidole vikaelekea pembeni. Akasukuma hivyo hivyo.

Shwaaa. Barafu ikateleza kando ya buti. Ikaenda zake pembeni.

Tusekile akatazama. Akafanya tena. Shwaaa. Pembeni.

Akafanya mara ya tatu, kwa sababu jambo zuri hutazamwa mara tatu. Shwaaa!

"SHANGAZI!"

Safari hii Shangazi alisikia. Hata ng'ombe walisikia.

"Bapa limenyooka! Ndiyo maana barafu inakusanyika! Ligeuze lilale upande, kama buti langu! Barafu itakwenda mtaroni!"

Shangazi akamtazama Tusekile ng'ambo ya kilima. Akatazama bapa. Akatazama mtaro kando ya barabara, mpana na mtupu.

"Bapa hili hugeuka," alisema polepole. "Kuna pini inayolishika. Miaka yote sijawahi kuitoa. Udongo haukunilazimu kuitoa."

"Itoe!" alisema Tusekile.

Pini ilikuwa na kutu. Shangazi akachukua nyundo. Ko! Haikutoka. Ko! Haikutoka.

"Leta nami nigonge," alisema Babu Mwakipesile. Ko! Haikutoka.

"Nami!" alisema Baba, aliyelowa. Ko!

Klik. Ikatoka.

Wakageuza bapa likakaa mshazari, upande mmoja mbele, upande mmoja nyuma. Wakarudisha pini. Baba akasogeza gari mbali, Babu akasimama kando, na Shangazi akapanda trekta lake.

Hakukiparamia kilima chote. Alirudi nyuma taratibu. Akashusha bapa kwenye ukingo tu, kama mtu anayemega tonge. Akavuta.

"Dududu, bapa chini!
Njia, njia, funguka!"

Shwaaa! Barafu ikateleza kwenye bapa, ikaporomoka mtaroni. Bubububu!

"Tonge la kwanza!" alipaza Tusekile.

Shangazi akarudi. Akamega. Akavuta. Shwaaa! Bubububu!

"Tonge la pili!"

Sasa kilima kilifika kifuani kwa Tusekile. Sasa kiunoni. Sasa magotini. Bibi aliyekuwa mkali akaanza kupiga makofi. Babu Mwakipesile akaimba kwa sauti nene. Baba akaimba. Ndani ya gari Mama aliimba pia, ingawa sauti yake aliisikia yeye mwenyewe tu.

"Dududu, bapa chini!
Njia, njia, FUNGUKA!"

Shwaaaaaa! Bubububububu!

Getini pakabaki ardhi nyekundu tu.

Njia ilikuwa wazi!

Bibi akapiga vigelegele, ririririii! Babu Mwakipesile akarusha kofia yake juu. Ikaanguka mtaroni, kwenye barafu, na hakujali.

"Nani kafungua njia?" aliuliza Shangazi kwa sauti kubwa.

"Trekta!" alisema Babu.

"Trekta lilikuwapo tangu asubuhi. Nani kafungua njia?"

"Tusekile!" walisema wote. "Tusekile!"

Tusekile akacheka hadi pengo lake likaonekana lote.

Kisha akakimbia pembeni, akasimama wima kama askari, akanyoosha mkono kuelekea nyumbani. "Piteni!" alisema.

Gari la Baba likapita getini. Likapita misindano yote. Halikuteleza hata mara moja. Tusekile alitembea nyuma yake, kifua mbele, na nyuma yake alikuja Bibi, na nyuma ya Bibi, Babu Mwakipesile na ndoo yake.

Ndani kulikuwa na joto. Moto ulikuwa ukiwaka, tatata. Bibi akamkalisha Tusekile kwenye mkeka, akamwekea mto mapajani. Mama akamlaza mtoto juu ya mto ule.

Alikuwa mdogo kuliko paka. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mzee anayewaza.

"Ni mdogo wako wa kiume," alisema Mama.

Mtoto akafungua mdomo.

"Ngaaa! Ngaaa! NGAAA!"

"Yesu wangu," alisema Shangazi. "Huyu ana injini kubwa kuliko trekta."

Wote wakacheka, na Babu Mwakipesile akacheka kuliko wote.

Jioni ikaingia. Nje, barafu ya mtaroni ilianza kuyeyuka. To. To. To. Maji yakashuka kwenye mashamba ya chai, kimya kimya.

Tusekile alilala kitanda kimoja na Mama, na mtoto katikati. Macho yake yalikuwa mazito. Akanyoosha kidole kimoja, akakigusa kiganja kile kidogo.

Kiganja kikafumba. Kikashika kidole, kwa nguvu.

"Umefika," alinong'ona Tusekile.

Wakalala wote wawili.