Mkono Uliobaki Begani

Mambo haya sikuhadithiwa na mtu. Yalimpata dada yangu, nyumbani kwetu, na mimi nilikuwa palepale nyuma ya kiti chake, napiga pasi.

Ilikuwa siku ya kawaida, jua la mchana limejaa dirishani. Kazi ya dada ni kutengeneza picha za watu kabla hawajaziweka mtandaoni. Unamletea picha ya giza, imepinda, ndoo za jirani zimeingia kwa nyuma. Yeye anainyoosha, anaing'arisha, anakata pembeni, anaipunguza uzito ipande mtandaoni haraka, na wewe unaonekana mtu wa maana. Nilizoea kumtania kwamba wako watu anawatengeneza hadi wakikutana na picha zao wanaziamkia. Alikuwa anacheka.

Wiki hiyo alikuwa amefungua studio yake mwenyewe, chumba kimoja chenye mlango wa kioo, kando ya fundi cherehani. Picha aliyokuwa anaishughulikia ilikuwa ya siku ya ufunguzi. Sote tulijipanga mlangoni, kamera imesimama peke yake juu ya miguu yake mitatu, taa nyekundu inakonyeza kuhesabu. Taa ilipokaribia kumaliza, Mama akatokea barabarani mbio, akajipenyeza pembeni kabisa, akamwekea dada mkono begani. Kamera ikapiga.

Huyo tunayemwita Mama ni mama yetu mkubwa, dada wa marehemu mama yetu. Ndiye aliyetulea. Anafanya usafi kwenye jengo la maofisi, na siku ile alikuja moja kwa moja kutoka kazini: sare ya bluu yenye madoa ya dawa ya sakafu, kandambili, na kicheko kipana kilichoonyesha pengo la meno ya mbele. Kila jioni akirudi hupangusa miguu kwenye mkeka wa mlangoni, halafu husema, "Nimefika, wanangu." Hata kama tumemwona tangu getini, lazima aseme.

Dada aliitazama ile picha muda mrefu. Kisha akausogeza ukingo wake taratibu, na Mama akatoka.

Nikamuuliza anafanya nini. Akajibu kwamba ile ni picha ya biashara, wateja hawana haja ya kuona kila kitu. Hakunigeukia. Aliongea na kompyuta, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua kabisa anachokifanya.

Tatizo ni kwamba mkono ulibaki. Vidole begani kwa dada, havina mwenyewe. Akaanza kuvifuta. Sasa, kufuta kwenye picha si kama kufuta meza. Unachota kipande safi cha jirani, unakibandika juu ya kile usichokitaka. Dada alichota maua ya gauni alilovaa, ua baada ya ua, mpaka vidole vyote vikafunikwa. Katika maua hayo kulikuwa na moja lililokosa ncha. Sasa yakawa mawili, mapacha kabisa, yamekaa pale mkono ulipokuwa. Akahifadhi juu ya picha ileile ya mwanzo, kosa ambalo huwagombeza wateja wake wakilifanya. Kadi ya kamera alikuwa ameshaisafisha kwa ajili ya kazi nyingine. Akaipandisha picha mtandaoni.

Jikoni kikombe kikaanguka. Nilipokwenda nilimkuta Mama, aliyekuwa na siku ya mapumziko, amesimama juu ya vigae, anautazama mkono wake wa kulia. Akasema umekufa ganzi ghafla. Niliushika ili niusugue. Jua lote lile, na mkono ulikuwa wa baridi kama sakafu.

Jioni fundi cherehani alipita kutupongeza. Picha alishaiona, akampa Mama simu naye aione. Mama akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali.

"Mimi niko wapi hapa?"

Hapo ndipo dada alipopata nafasi yake. Angeweza kusema kweli, tukanuna siku mbili, yakaisha.

"Ulikuwa hujafika, Mama."

Fundi akainamisha kichwa, maana siku ile alikuwepo na anajua. Mimi nilitamani ardhi inimeze, na si mimi niliyesema uongo. Mama akatikisa kichwa polepole, akarudisha simu kwa mkono wa kushoto.

"Ah. Kumbe nilikuwa sijafika."

Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba radhi kwa kuchelewa.

Asubuhi alienda kazini kama kawaida. Jioni geti likalia. Kandambili zikavuka ua. Miguu ikapanguswa mkekani, mmoja, halafu wa pili. Tukangoja neno lake. Halikuja. Nikafungua mlango. Hapakuwa na mtu, jua bado lipo, ua mzima unaonekana. Mkeka ulikuwa umelowa, na ulinuka dawa ya sakafu.

Hakuingia ndani siku ile, wala siku zilizofuata. Na kila jioni geti lililia. Tulimwendea msimamizi wake, akatushangaa: anakuja, anafanya kazi, anaondoka. Polisi nao walitutazama kama wehu, wakasema mtu anayeonekana kazini kila siku hajapotea. Tukawauliza majirani. Walimwona akipita kuelekea kwetu, wengine hata walisalimiana naye. Kila mmoja alituambia maneno yaleyale, kwamba Mama yupo njiani.

Tukaamua kwenda kumngoja hukohuko kazini. Alitoka na wenzake, na sare yake ya bluu, akafurahi kutuona. Kwa macho alikuwa mzima, ila amekonda. Mkono wa kulia ulining'inia tu. Tukamweka katikati yetu, tukaanza safari ya kurudi nyumbani. Dada ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini.

"Mama, unalala wapi?"

"Sijui, mwanangu," akanong'ona. "Natoka hapa, natembea. Nyumba naiona. Taa yenu naiona. Natembea tu. Mara nakuta nimerudi kazini."

Nilimtazama dada, nikamwona anafungua mdomo. Nilijua kinachotaka kutoka. Kilifika kwenye ulimi, kikarudi.

"Umechoka tu, Mama," akasema.

Mama akaitikia kwamba kweli, amechoka. Tulipokata kona ya fundi cherehani nilikuwa bado nimemshika mkono. Nikageuka. Nilikuwa nimeshika hewa.

Baada ya hapo hata kazini hakuonekana tena. Dada akaiondoa picha kwenye ukurasa wake, lakini ilikuwa imeshasambaa, kila jamaa na mteja anayo. Akafungua kompyuta kutafuta ile ya mwanzo. Hakuna. Ila kwenye orodha ya picha zake, kabla hujaifungua, kila picha huonyeshwa kwa kipicha kidogo, ukubwa wa kucha. Dada alisema wakati mwingine kile kidogo husahau kubadilika, kinabaki na sura ya zamani. Tukainama. Mama alikuwemo.

Tukainama zaidi. Mkono wake haukuwa begani. Wala hakuwa amesimama kwenye ukingo wa picha. Alikuwa nyuma, barabarani.

Kesho yake tulipotazama alikuwa ameshafika mbali. Keshokutwa alikuwa ametupa mgongo. Siku iliyofuata tuliona doa la bluu tu. Dada akagusa kioo kwa kidole, akaanza kulia bila sauti.

"Anaondoka," akasema. "Nimemwambia hajafika, sasa anaondoka."

Jioni hiyo hatukukaa ndani. Tulisimama mlangoni, mlango wazi. Geti likalia. Lilifunguka mbele ya macho yetu, likajifunga. Kandambili zikavuka ua. Hatukuona kitu. Zilikuwa nzito, za mtu aliyechoka sana. Mkeka ukasogea, mara moja, mara ya pili.

Dada akapiga magoti.

"Ulikuwa umefika, Mama. Nilikukata mimi. Niliionea aibu sare yako."

Hata upepo hakuna.

Halafu nikaona kitambaa cha gauni la dada kikibonyea begani. Kidogo. Kama vidole. Kikaachia. Nyayo zikarudi getini, na geti likalia.

Asubuhi fundi cherehani alituita dukani kwake, ameshika simu kwa ncha za vidole. Picha ilikuwa ileile, iliyokatwa, ile ambayo yeye mwenyewe aliihifadhi. Yale maua mapacha hayakuwepo. Pale begani ulikuwepo mkono.

Na si kwake tu. Kila aliyekuwa na picha ile aliuona. Chini ya picha watu wakaanza kuuliza: mkono wa nani huo? Wengine walitania kwamba studio ya dada inatoa mkono wa bure. Angeweza kufunga ukurasa, akajifanya hamnazo. Badala yake akaketi akaandika: "Ni mkono wa mama yangu. Alikuwepo. Nilimkata kwa sababu niliionea aibu sare yake ya usafi." Akarudia kuyaandika hayohayo kwa kila aliyeuliza, kila palipokuwa na picha ile. Walimtukana, na matusi mengine siwezi kuyarudia hapa. Wateja wakahama. Njiani watu wanamnyooshea kidole, naye anapita ameinamisha uso. Mimi nikitembea naye naona aibu kwa niaba yake, na naona aibu kwa kuiona hiyo aibu.

Lakini kila anapojibu, picha inaongezeka. Hakuna anayeigusa. Kwanza kilionekana kiwiko. Kisha mkono wa sare, na yale madoa. Juzi bega lote, na kando yake barabara ambayo ilikuwa imekatwa. Jana kidevu.

Leo mtu mwingine ameuliza, na dada hajajibu. Amekaa mbele ya kompyuta tangu mchana, mikono mapajani. Nimemwambia ajibu, amalize, Mama arudi nyumbani. Amenijibu bila kugeuka.

"Kilichobaki ni uso. Nitamtazama kwa macho gani?"

Nimekitazama kile kidevu kwa karibu. Siku ile ya ufunguzi Mama alikuwa anacheka, nakumbuka vizuri, pengo na yote. Kidevu hiki hakicheki.

Sasa hivi, wakati nasimulia haya, dada amenyoosha mkono, ameandika jibu lake, amelituma. Picha sijaitazama. Nimekwenda kufungua mlango. Geti halijalia bado, lakini mkeka umeshalowa.