Moto Ulioachwa Peke Yake

Kila asubuhi tangu afike kijijini, Kinasih aliwapa bata maji, akafagia uwanja, kisha akaanza kuhangaika. Alitoka jikoni hadi barazani, akaenda mtaroni, akarudi. Shangazi yake, Rastini, alisema mtoto huyu ana mambo ya kuku anayetaka kutaga.

Kinasih alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na mingi kati ya hiyo aliishi Johor, Malaysia, ng'ambo ya bahari, ambako baba yake, Kartim, alifanya kazi kiwandani. Kule wenzake darasani walimwita Mjava. Mwaka mzima alisubiri Idd waje kwao Indramayu, kisiwani Java, na alipofika, watoto wa kijijini wakamwita Mjohor. Jambo hilo lilimuuma. Hakujua aweke mguu wapi.

Siku ya mwisho ya Ramadhani nyumba iliamkia ketupat, wali wa Idd unaochemshwa ndani ya makuti. Bibi Darkem, mama yake Kartim, alisuka makuti machanga kuwa vifuko, akatia mchele katika kila kimoja na kukifunga. Hakuruhusu mtu mwingine atie mchele. Ukipungua, ketupat hulegea. Ukizidi, punje hukosa nafasi ya kuvimba, na ketupat hubaki ngumu hata uichemshe wiki nzima. Majirani walikijua kipimo cha mkono wa Bibi, na kila Idd walianzia kwake kabla ya kwenda kwingine.

Adhuhuri watu wazima walikwenda kusafisha makaburi na kuwaombea marehemu. Bibi alimwachia Kinasih sufuria kubwa iliyokuwa ikichemka juu ya mafiga. Alimwagiza asiondoke: moto usizimike, wala maji yasishuke chini ya ketupat.

Kinasih akakaa. Akasimama. Akachochea kuni ambazo hazikuhitaji kuchochewa. Ndipo ngoma ikaanza. Msikitini vijana walikuwa wakiifunga ngoma kubwa juu ya mkokoteni kwa ajili ya matembezi ya takbira, na kila pigo lilimwingia tumboni. Alijiambia anakwenda kuchungulia tu.

Huko alimkuta Wasja, mtoto wa Shangazi Rastini, ameshika fimbo ya ngoma.

"Mjohor, unajua kupiga, au kwenu ngoma mnaisikia kwenye simu?"

"Lete nikuonyeshe," akasema Kinasih.

Akapiga. Watoto wakacheka, kisha wakaacha kucheka, wakampisha apige tena. Kwa mara ya kwanza alisahau kuhangaika. Alisahau na sufuria pia, mpaka alipoisikia adhana ya alasiri.

Alikimbia mbio. Mafigani palikuwa na majivu matupu, na ketupat za juu zilikuwa zimeachwa na maji. Akaongeza maji baridi, akapuliza moto mpaka machozi yakamtoka, na watu waliporudi sufuria ilikuwa ikitokota kama kawaida. Bibi aliuliza kama moto ulizimika. Kinasih akajibu kwamba haukuzimika. Jua lilipokaribia kuzama, Bibi aliziopoa ketupat, akazitundika zichuje maji. Jioni hiyo mkokoteni wa ngoma ulipopita mlangoni, Kinasih alikataa kutoka.

Asubuhi, baada ya swala ya Idd, Bibi alikata ketupat ya kwanza. Kisu kikagoma. Ndani punje zilikuwa ngumu. Akakata ya pili, na ya tatu. Hakugomba, na hilo ndilo lililomtisha Kinasih. Bibi alivitazama viganja vyake, akakaa chini.

"Nimezijaza kupita kiasi," alisema. "Mikono hii imezeeka. Wapeni bata. Rastini, pika wali wa kawaida, na mwakani mtanunua sokoni kama watu wengine."

Shangazi alijaribu kumfariji, lakini Bibi alitikisa kichwa tu. Kinasih alimsogelea Bibi. Kabla hajafungua mdomo, baba yake aliwaita wote sebuleni, maana wakati wa kuomba radhi ulikuwa umefika.

Bibi alikaa kitini, na kila mmoja, kwa kufuata umri, akampigia magoti. "Nisamehe makosa ya nje na ya ndani," kila mmoja alisema, akapata radhi, akanyanyuka. Kartim alilia hadharani. Kinasih akawaza: nami nitasema hayohayo, na la kwangu litafunikwa humo humo. Nani atajua?

Zamu yake ikafika. Akayasema. Bibi akamwekea mkono kichwani, akamwambia amemsamehe, naye amsamehe. Ulikuwa mkono uleule uliolaumiwa bure. Kinasih hakunyanyuka.

"We, kuna foleni," Wasja akanong'ona nyuma yake.

"Bibi, mikono yako haina kosa," alisema Kinasih. "Nilikwenda kwenye ngoma. Moto ulizimika, kisha nikakudanganya."

Baba yake akainamisha kichwa kwa aibu. Bibi akamtazama mjukuu wake, kisha akauliza moto ulikuwa umezimika mpaka saa ngapi. Kinasih akamwambia, mpaka alasiri.

"Kumbe sikuzijaza kupita kiasi. Hazikuiva tu." Bibi akaanza kucheka huku akijifuta macho. "Rastini, zirudishe sufuriani. Bata wasiguse."

"Wameshaonja moja," akasema Wasja. "Wameikataa."

Wageni wa kwanza walipofika walipewa chai na kuambiwa wangoje, na hakuna aliyekwenda kwingine. Kinasih alikaa mafigani na nguo zake mpya, moshi ukimwingia machoni. Wasja alikuja kumwita kwenye ngoma, naye Kinasih akamwambia atangulie. Hakuondoka mpaka Bibi alipokata ketupat moja, na kisu kikapita bila shida.

"Bibi," akauliza, "si ulikuwa umeshanisamehe kabla sijasema?"

"Nilisamehe nisichokijua. Yale maneno ya Idd ni ya makosa tuliyoyasahau, mjukuu wangu. Kosa unalolijua, litaje kwa jina lake. Ungelificha, leo chakula kizima kingekwenda kwa bata, na mimi ningezikwa nikiamini mikono yangu imekufa kabla yangu."

Kisha akamsogezea rundo la makuti yaliyobaki na bakuli la mchele.

"Kaa hapa nikufundishe kipimo. Nasikia hata huko Johor minazi ipo."