Siku ya Marufuku ya Moto

— Noelene, leo hatuoani.

Noelene alikuwa mbele ya kioo, gauni tayari mwilini, simu sikioni. Hakushtuka.

— Rudia, Clarrie.

— Wametangaza marufuku ya moto jimbo zima la Victoria. Cheche moja ikitoka kwenye bomba la moshi, ngano yote ya watu inateketea. Garimoshi langu la mvuke haliwashwi.

— Kwani mimi naolewa na garimoshi?

— Mpenzi, nililikuta limeoza kwa kutu. Nimelifufua kwa mikono hii, na niliapa safari yake ya kwanza itubebe sisi. Tungoje mvua za Aprili.

— Mwaka juzi tulingoja boila. Mwaka jana magurudumu. Singoji tena. Injini ya dizeli ya Vic ipo, na haikatazwi.

Clarrie akaguna. Kwenye makumbusho ya reli, ambako yeye na Vic walitunza injini za zamani, watu wa mvuke na watu wa dizeli hawakunywa chai meza moja.

— Kopo lile la mafuta? Bora nitembee.

— Basi tembea. Saa nane nitakuwa behewani na mchungaji na wageni. Ukija, nitakuwa mke wako. Usipokuja, tusisumbuane tena.

Akakata simu.

Clarrie alibaki karakanani, akilitazama garimoshi lake. Shaba iling'aa, boila baridi. Ujumbe ukaingia:

"Sijakasirika. Nimeamua tu."

Maneno hayo yalimtisha kuliko matusi. Akavuka reli hadi kwa Vic, aliyekuwa akila pai ya nyama kivulini.

— Vic, nina ombi.

— Sema kwa sauti. Kopo la mafuta limeniharibia masikio.

— Tuvutie behewa la harusi.

— Kwanza kiri kwamba dizeli nayo ni reli.

Clarrie akavuta pumzi.

— Dizeli nayo ni reli.

— Umesema vizuri mpaka nimesikia raha. Panda, mzee. Injini inanguruma tangu asubuhi. Noelene alisikia redio kabla yako, akanipigia.

Wakaingia stesheni. Noelene alisimama mlangoni mwa behewa, kofia ameishika isichukuliwe na upepo.

— Umechelewa.

— Nilikuwa namwomba Vic radhi.

— Na mimi?

Clarrie akavua kofia yake.

— Nilikuweka nyuma ya chuma, Noelene. Kuanzia leo chuma ndicho kitakachongoja.

Noelene akampa mkono apande.

— Haya, ingia. Mchungaji ameshaanza kutokwa jasho.