Bibi Alipoinuka Kizingitini

"Sitaki! Niacheni niende kwetu!"

"Tulia, bi harusi. Sote tulilia hivyohivyo, tukazoea," alisema Shangazi Sonun, akimsogelea na kitambaa cheupe. Kikishafungwa kichwani, kijiji kizima kingemhesabu Meerim kuwa mke wa Ulan.

Aizirek alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka shuleni, begi bado mgongoni. Alimfahamu Meerim. Msichana huyo alikuwa anasomea uuguzi, na kiangazi kilichopita aliwafundisha watoto kufunga vidonda. Sasa alikuwa amebanwa nyuma ya pazia, kiatu kimoja mguuni. Ulan, kaka yake Aizirek, na rafiki zake walikuwa wamemkamata kituo cha basi na kumsukumia garini.

"Kaka, alikukubali lini?" Aizirek aliuliza.

"Nyamaza, kitoto wewe! Wenzangu wote wameoa, wananicheka. Halafu baba yake angedai mahari ya farasi wangapi?"

Meerim alimponyoka Shangazi, akakimbilia mlangoni, kisha akasimama ghafla. Bibi Zuura alikuwa ameshajilaza kizingitini, kama wazee wa kike wa pale walivyozoea kufanya ili bi harusi asitoke. Kumruka mzee ni kujitafutia laana.

"Bibi, nakuomba," Meerim alilia.

Bibi alifumba macho.

Aizirek akapiga magoti. Yeye alilala chumba kimoja na Bibi, na alisikia ambayo wengine hawakuyasikia.

"Bibi, mbona gari likisimama nje usiku unashtuka na kushika komeo? Mbona ukiota unapiga kelele, 'Nirudisheni kwa mama'?"

Shangazi akashusha kitambaa.

"Nilitaka kuwa mwalimu," Bibi alisema polepole. "Nikaletwa hapa kwa nguvu. Mama mkwe wangu alilala papa hapa, nikaogopa kumruka. Niliyofanyiwa baadaye sikuyataka. Usingizi ulinitoka, kichwa hakiachi kuniuma, na daktari haoni ugonjwa. Nishike mkono, mjukuu wangu."

Akainuka.

"Mama, tutaaibika!" Shangazi alimaka.

"Aibu ipi? Aliyemteka mwenzake ndiye wa kuaibika. Huyu binti kakosa nini?" Bibi alimnyang'anya Shangazi kitambaa, akakitupa ndani ya jiko. "Ulan, nisikilize, na Aizirek asikie. Mmedanganywa kwamba kilio cha msichana ni desturi. Anakataa, basi! Mwanamke akikataa, amekataa. Kumlazimisha ni kuumiza mwili wake na akili yake, na ni kosa la jinai. Nami nilikuwa nakusaidia kwa kulala hapa. Simu yake iko wapi?"

Ulan aliitoa mfukoni, macho chini.

"Mpe. Kalete na kiatu chake garini, kisha ukae hapo usubiri polisi. Meerim, mwanangu, nisamehe. Piga kwenu, kisha polisi. Hakuna atakayekuzuia."

Meerim alivaa kiatu, akamshika Aizirek mkono. Walivuka kizingiti pamoja, wakatoka juani. Simu iliita mara moja tu.

"Mama," Meerim alisema, "njoo unichukue kwa kina Ulan. Niko nje."