Kompyuta ya Mutheu Yaanza Kugonga

Kila asubuhi Mutheu alifungua kiduka chake cha kupiga chapa pale Ukunda. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, ilitoka katika hoteli moja ya Diani. Jumatatu hiyo ilinguruma kama kinu cha kusagia mahindi. Kisha ikaanza kugonga: tak, tak, tak.

Mutheu aliinuka, akaketi, akainuka tena. Ndani ya kompyuta mlikuwa na nyimbo themanini na mbili za Kikamba, zilizotungwa na marehemu baba yake. Daftari alimoziandika baba lilikuwa limeliwa na mchwa.

Mumewe, Muange, akanyanyua mkono. "Niipige kidogo. Redio yetu hupona hivyo."

"Usiiguse. Naenda kumwita Mzee Chirau."

Chirau, jirani yao, alikuwa fundi wa kompyuta hotelini. Siku hiyo hakuwa na zamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona watweta hivyo?"

Mutheu alimweleza njiani. Walipofika, Chirau alitega sikio kando ya kompyuta.

"Hapa mna sauti mbili," alisema. "Mngurumo ni wa feni. Imejaa vumbi, si neno kubwa. Lakini huku kugonga ni kwa diski ya ndani, ile inayohifadhi kazi zako. Imo katika kufa."

"Basi tuifungue tuitengeneze," Muange alisema.

"La. Diski haifunguliwi. Wala msiizime kompyuta sasa, huenda isiwake tena. Kwanza nakili kilicho cha thamani. Una disketi?"

Mutheu alikuwa nazo mbili. Akaanza kunakili wimbo mmoja mmoja. Alipofika wimbo wa sabini, kompyuta ilinyamaza. Tak, tak. Ikaendelea.

"Sasa nakili tena katika disketi ya pili," Chirau alisema. "Disketi nazo huharibika."

Baadaye aliizima kompyuta, akachomoa waya wa umeme, akafungua sanduku na kupangusa feni kwa brashi. Alipoiwasha tena, mngurumo ulikuwa umeisha. Kugonga hakukuisha, na siku ya Alhamisi diski ikafa.

Chirau alitia diski nyingine. Mutheu akarudisha nyimbo zote, haukukosekana hata mmoja.

Siku hizi hunakili kazi zake kila Ijumaa. Disketi moja ya nyimbo aliipeleka Taru, kwa dada yake Ndila. Ndila hajawahi kugusa kompyuta. Aliambiwa tu kwamba mle mna nyimbo za baba yao, naye akaifungia sandukuni, pamoja na kitenge chake cha kwendea kanisani.