Tusekile na Tairi Lenye Njaa

Huyu ni Tusekile. Anakaa Rungwe, milimani, kwenye migomba mingi, mvua nyingi na matope mengi.

Mama yake ni daktari, lakini hatibu watu. Anatibu ng'ombe, mbuzi na nguruwe. Siku moja alimtibu hata bata aliyemeza kifungo!

Mama ana pikipiki nyekundu. Ikiwaka inasema, tu-tu-tu-tu-tu!

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha pikipiki, mama na Tusekile huchuchumaa. Hubonyeza tairi la mbele. Hubonyeza tairi la nyuma. Huku wanaimba:

"Bonyeza, bonyeza, tairi wee!
Una njaa au umeshiba?"

Tairi hula nini? Tairi hula upepo.

Likishiba, linakuwa gumu kama parachichi bichi. Likiwa na njaa, linakuwa laini kama parachichi lililoiva.

Jumamosi moja asubuhi, simu ya mama ililia. Ngriii! Ngriii!

Alikuwa Bibi Atupakisye, anayekaa ng'ambo ya kilima. "Daktari, njoo upesi!" alisema. "Ng'ombe wangu anazaa. Anahangaika tangu alfajiri, na ndama hatoki!"

"Nakuja, Bibi!" alisema mama.

Mama akakimbia huku. Mama akakimbia kule. Akavaa mabuti. Akabeba mkoba wa dawa. Akavaa kofia ngumu, nyuma mbele!

"Mama, umegeuza kofia!" Tusekile akacheka, kwi kwi kwi.

Mama akaiweka sawa. Hakucheka. Alikuwa na haraka sana.

Nyumbani hakukuwa na mtu mwingine, kwa hiyo Tusekile naye alivaa kofia yake ngumu. Mama akampandisha, kisha akawasha pikipiki. Tu-tu-tu-tu-tu!

"Mama, ngoja!" alisema Tusekile. "Hatujabonyeza tairi."

"Leo hapana, mwanangu. Ng'ombe anatusubiri."

"Mara moja tu, Mama. Tafadhali!"

Mama akaguna. Akazima pikipiki. "Haya, basi. Upesi!"

Tusekile akateremka, puu! Akachuchumaa.

"Bonyeza, bonyeza, tairi wee!
Una njaa au umeshiba?"

Tairi la mbele lilikuwa gumu. Gumu kama parachichi bichi. Limeshiba!

Akabonyeza tairi la nyuma. Lo! Kidole kilizama. Bwee!

"Mama! La nyuma lina njaa!"

Mama akainama, akabonyeza mwenyewe. Bwee! Macho yakamtoka.

"Ala! Hili lingetuyumbisha kwenye matope," alisema. "Lingetuangusha, mimi na wewe na mkoba wote."

Tusekile akaogopa kidogo. "Na ndama je? Atatusubiri?"

"Tutafanya haraka," alisema mama. "Lakini tukianguka njiani, hatutafika kabisa. Niletee geji!"

Geji ni kipimo cha upepo. Kina sahani ndogo ya duara na mshale mwembamba. Mama ameweka alama kwenye sahani kwa rangi yake ya kucha, nyekundu. Mshale ukifika pale, tairi limeshiba.

Mama akachukua pampu. Akaikanyaga kwa mguu. Fyuu-puu! Fyuu-puu!

Tusekile akaweka mguu wake juu ya mguu wa mama. Wakakanyaga pamoja. Fyuu-puu! Fyuu-puu!

Mama akapima. Mshale ulikuwa bado chini.

Fyuu-puu! Fyuu-puu! Mama akapima tena. Mshale ukapanda, ukagusa rangi nyekundu.

"Ongeza, Mama! Ongeza mpaka livimbe kama boga!"

"Hapana. Tairi likivimbiwa, linadunda kama mpira. Tutarushwa huku na huku. Hapo panatosha."

Tusekile akainama karibu na tairi. Akasikia kitu. Sss... sss... sss...

"Mama, tairi linanong'ona."

Mama akatega sikio. Sauti ilikuwa ndogo mno. Ilitoka kwenye vali, ule mdomo mdogo ambao upepo hupitia.

"Tema mate kidoleni," alisema mama. "Halafu paka pale mdomoni."

Tusekile akashangaa. "Niteme mate? Kweli?"

"Leo nakuruhusu. Tema!"

Tusekile akatema. Tu! Akapaka. Povu likatokea. Blu, blu, blu!

"Hapo ndipo upepo unapotorokea!" alisema mama. Akachukua kifaa kidogo mkobani, akakaza vali. Kri, kri, kri.

Tusekile akatema mate tena. Tu! Akapaka. Wakatazama.

Hakuna povu. Hakuna sss.

Mama akapima mara ya mwisho, akaongeza upepo uliokuwa umepungua. Mshale ukasimama kwenye nyekundu, tuli!

"Bonyeza, bonyeza, tairi wee!
Una njaa au umeshiba?"

"Limeshiba!" wakasema wote wawili.

Tu-tu-tu-tu-tu! Wakaondoka. Wakapita kwenye migomba. Wakapita kwenye mashamba ya chai. Wakaanza kushuka kilima chenye matope, pole pole.

Ghafla, kwaa! kwaa! kwaa! Mabata wakakatiza barabara!

"Shika sana!" alisema mama. Akafunga breki.

Pikipiki haikuyumba. Pikipiki haikuteleza. Ilisimama wima, palepale.

Mabata wakapita mmoja mmoja, wakitikisa mikia. Hawakuwa na haraka yoyote.

Mwishowe wakafika. Bibi Atupakisye alikuwa mlangoni pa zizi, kitenge kimemlegea kwa wasiwasi.

"Shikamoo, Bibi," alisema Tusekile.

"Marahaba, mjukuu wangu. Ingieni, ingieni!"

Ng'ombe alikuwa amelala. Alikuwa amechoka. Muuu, alisema, kwa sauti ndogo.

Mama akanawa mikono mpaka mabegani. "Ndama amekunja mguu mmoja, ndiyo maana amekwama," alisema. Akaunyoosha taratibu.

"Haya, Bibi, tusaidiane. Pole pole... vuta! Pole pole... vuta!"

Pluu! Ndama akatoka.

Lakini ndama hakutikisika. Tusekile akashika sketi yake kwa mikono miwili.

Mama akachukua nyasi kavu. Akamsugua ndama. Sugu, sugu, sugu. Bibi naye akasugua. Sugu, sugu, sugu.

Kimya.

Kisha... chyaa! Ndama akapiga chafya!

"Yuko hai!" alipiga kelele Tusekile. Bibi akapiga vigelegele. Mama ng'ombe akageuka, akamlamba mtoto wake usoni.

Ndama akajaribu kusimama. Akaanguka. Akajaribu tena. Akaanguka tena. Halafu akasimama, miguu ikitetemeka, akaanza kunyonya.

"Mmewahi kweli," alisema Bibi. "Mngechelewa kidogo tu, ningempoteza huyu mtoto." Akafuta macho kwa upande wa kitenge.

"Ni Tusekile aliyetufikisha salama," alisema mama. "Mimi nilitaka kuondoka bila kupima upepo."

Bibi akampa Tusekile kikombe cha maziwa ya mgando na ndizi ya kuchoma. "Ndama ni jike, na hana jina," alisema. "Mpe jina wewe."

Tusekile akafikiri mpaka ndizi ikaisha. "Bado sijapata," alisema. "Nitafikiria nyumbani."

Kabla ya kurudi, walichuchumaa tena, mama na Tusekile na Bibi pia.

"Bonyeza, bonyeza, tairi wee!
Una njaa au umeshiba?"

Bibi akabonyeza kwa kidole gumba. "Limeshiba kuliko mimi!" alisema, na wote wakacheka.

Jioni mvua ilinyesha. Tusekile alikuwa ameshaoga, ameshakula, ameshajifunika blanketi.

"Mama," alisema, "sasa nimelijua jina la ndama."

"Nani?" mama aliuliza. Akainama karibu.

"Anaitwa..." Tusekile akapiga miayo. "Anaitwa..."

Mama akasubiri. Akasubiri tena.

Khooo... khooo...

Tusekile alikuwa amelala fofofo.

Mama akatabasamu, akazima taa. Na kule ng'ambo ya kilima, ndama naye alilala, bila jina, tumbo limejaa maziwa.