Prosesa Mbili Zenye Adabu

Jumamosi hiyo ya mwaka 2007 duka la Mzee Kirit, karibu na soko la Nakuru, lilijaa mafundi wa redio. Sitati, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, alijipenyeza hadi kaunta akaomba adapta ya volti tano.

"Ya redio, boss?" aliuliza msichana wa kaunta. Alivaa jinzi na mtandio wa Kihindi, dupatta ya kijani, nywele kazisuka mkia mmoja mrefu.

"Hapana. Ya chipu ninayoipanga upya mwenyewe kwa kompyuta. Nimejenga prosesa mbili ndani yake, kama bongo mbili, zihesabu flamingo kwenye picha za ziwa."

"Zinatumia memori moja?"

Sitati alisahau adapta. Fundi mmoja akafoka nyuma yake, "Wee kijana, oa ama utoke kwa njia!" Duka zima likacheka.

Msichana huyo, Sonal, alikuwa binti wa Mzee Kirit na mhandisi aliyehitimu, kama Sitati. Tangu siku hiyo simu zao hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?" Sitati angeuliza.

"Nimekula. Na watoto wako wa kwenye chipu?"

"Bado wamekwama. Kila mmoja peke yake anafanya kazi. Nikiwawasha pamoja, kimya."

"Niletee hiyo bodi yenye chipu niiangalie, bingwa wa kukwama."

Akampelekea. Mwezi Agosti, wakitafuna mahindi ya kuchoma kando ya barabara, Sonal akasema, "Nimepata nafasi ya uzamili Pune, India. Wanataka jibu Ijumaa. Unasemaje?"

Moyo wa Sitati ulitaka kupiga kelele. Lakini yeye ni nani amzuie?

"Uamuzi ni wako. Lolote utakalochagua ni sawa."

"Lolote?"

"Lolote, Sonal."

Sonal alijifunga dupatta shingoni akaondoka. Hakupokea simu tena. Aliamini hapendwi; naye Sitati aliamini mwenzake ameshachagua kwenda.

Alhamisi alasiri simu ya Sitati ililia. Alikuwa Sonal. "Nimeona kosa la bodi yako. Njoo uichukue."

Alimkuta kwenye chumba cha nyuma ya duka, macho mekundu.

"Memori ina mlango mmoja," Sonal alisema. "Umeamuru kila prosesa ikiona mwenzake anautaka, irudi nyuma. Basi zote mbili zinarudi, zinajaribu, zinarudi tena. Zina adabu hadi picha haisomwi."

"Sikutaka moja imwonee mwenzake."

"Najua. Ipe kila moja memori yake ndogo, na ile ya pamoja waingie kwa zamu. Lakini lazima mmoja atangulie, Sitati." Hakuwa akitazama bodi tena; alimtazama yeye.

Sitati aliisukuma bodi kando. "Nataka kukuoa. Nenda Pune, nitakungoja. Ukibaki, nitafurahi. Lakini nataka kukuoa, na nilipaswa kusema siku ile ya mahindi."

Sonal alicheka huku analia. "Mjinga wewe! Nami niliogopa kukuomba unioe, usije ukakubali kwa huruma."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitaenda, na nitarudi kwako. Futa jasho." Akafungua mlango wa dukani. "Pappa, acha hiyo redio kidogo. Sitati ana neno nawe, kuhusu mimi."

Mzee Kirit alivua miwani. Alimtazama kijana, akamtazama binti yake, kisha akavuta kiti toka chini ya kaunta.

"Keti," alisema. "Maneno kama hayo hayasemwi mtu amesimama."